Mashine ya Kupima Kazi ya Jani: Kwanza Toa Uzito wa Gunia

Leo tutazungumza juu ya jani, na juu ya mashine ndogo inayolibana jani kama kibanio cha nguo, halafu inatoa namba. Namba hiyo inaeleza jani linafanya kazi kiasi gani. Wewe unayepanda mchicha kati ya mawe ya Igogo, na wewe unayekaa Igogo lakini shamba lako la mihogo liko Usagara au Misungwi, huenda hujaiona mashine hiyo. Wanayo watafiti, na siku hizi zipo za kubebwa mkononi hadi shambani. Siku ukimwona mtu anapita nayo katika mihogo yako ni vizuri ujue anapima nini, kwa sababu namba za namna ile husaidia kuamua mbegu gani iendelezwe na ipi iachwe. Na namba ile, ikichukuliwa ilivyo bila kusahihishwa, inaweza kuisifu mbegu mbaya na kuihukumu mbegu nzuri.

Kwa watu wa pamba jambo hili si geni. Gunia likiwekwa juu ya mizani, mizani inasoma pamba pamoja na gunia lenyewe. Karani asipotoa uzito wa gunia, kilo alizoandika si za pamba tupu. Na kama mshale wa mizani haukuanzia kwenye sifuri, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa waliyajua haya. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya wakulima wa pamba katika ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata vyama vyao vikaungana mwaka 1955 na kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Basi mashine ya jani nayo ni mizani, na ina gunia lake.

Hebu tuanze na jani lenyewe. Jani hupokea nuru ya jua na kuitumia kupika chakula cha mmea kutokana na maji na hewa ya kaboni. Kazi hiyo shuleni watoto wanaiita usanisinuru. Kinachoinasa nuru ni ile rangi ya kijani, klorofili. Sasa nuru iliyonaswa ina njia tatu za kwenda. Sehemu moja inapika chakula. Sehemu ya pili inageuka kuwa joto na kupotea. Sehemu ya tatu, ndogo sana, kama moja au mbili katika mia, inarudi nje ikiwa nuru nyekundu. Jani linang'aa wekundu mchana kutwa, ila wewe huuoni kwa sababu jua limeuzidi.

Ukitaka kuamini, twanga majani machache ya mchicha, yaloweke katika spiriti ya dukani mpaka spiriti iwe kijani kilichoiva, chuja, weka katika chupa nyeupe. Usiku, katika chumba chenye giza, mulika chupa hiyo kwa tochi, hasa yenye mwanga wa bluu, na utazame kutoka ubavuni. Utaona kijani kimegeuka wekundu kama wa damu ya mzee. (Spiriti inashika moto upesi, kwa hiyo koroboi na kibatari vikae mbali.) Wekundu unakuwa mwingi hivyo kwa sababu klorofili imetolewa katika jani, haina tena mahali pa kupeleka nuru yake. Mpishi amenyang'anywa sufuria, moto unawaka bure.

Huo ndio ufunguo wa mashine yenyewe. Jani likiwa na kazi nyingi, wekundu hupungua. Kazi ikikwama, wekundu unaweza kuongezeka. Mjerumani Hans Kautsky na mwenzake Hirsch waliandika mwaka 1931 kwamba jani lililokaa gizani, likimulikwa ghafla, mng'ao wake mwekundu hupanda upesi kisha hushuka polepole. Walikuwa wanatazama kwa macho yao tu. Mashine zilizoweza kuutenga mng'ao wa jani na mwanga wa jua hata pale shambani zilipatikana miaka ya 1980. Hizo hutoa mwanga wake kwa vipigo vifupi vifupi vya haraka, kisha zinahesabu ule wekundu tu unaofuata mapigo hayo. Jua halipigi mapigo, kwa hiyo halihesabiwi.

Sasa fikiria ndani ya jani kuna milango mingi midogo, kama milango ya ghala. Nuru huingia kazini kupitia milango hiyo. Jani likipumzika gizani, milango yote iko wazi, na mashine ikipima kwa mwanga hafifu sana inapata mng'ao mdogo. Tuseme 200. Kisha mashine inapiga mmweko mkali, chini ya sekunde moja hivi. Milango yote inajaa kwa mara moja, nuru haina pa kuingia, na mng'ao unaruka juu. Tuseme 1,200. Toa 200 katika 1,200, inabaki 1,000. Gawa kwa 1,200. Unapata 0.83. Maana yake, katika kila sehemu 100 za nuru zilizonaswa, sehemu kama 83 zingeweza kwenda kazini. Mwaka 1987 watafiti Björkman na Demmig walipima majani ya mimea ya aina nyingi, na yale yenye afya yakaangukia karibu na 0.83. Tangu hapo namba hiyo imekuwa kama joto la mwili wa mtu hospitalini: jani likishuka mbali chini yake, watu wanaanza kuuliza lina nini.

Kosa la kwanza ni la haraka. Jani lililotolewa juani sasa hivi haliwezi kutoa namba hiyo. Lazima libanwe kwa kibanio chenye kifuniko, lipumzike gizani kama dakika 20 hadi 30. Ukimwona mtafiti amebana majani yako vibanio halafu amekaa chini ya mwembe, usidhani amechoka. Anasubiri.

Hata baada ya kusubiri, jani la saa saba mchana si sawa na jani la alfajiri. Hapa kwetu tuko karibu sana na mstari wa Ikweta, na jua la mchana ni kali kuliko jani linavyoweza kulitumia. Basi jani linajikinga. Linaifanya nuru ya ziada kuwa joto, ili lisiungue, na kinga hiyo haifungwi mara moja kwa sababu umeweka kibanio. Jani zima kabisa linaweza kusoma 0.75 mchana na kesho yake alfajiri, watu bado wanaamkiana, likarudi 0.83. Jani lenye taabu ya kweli halirudi. Kwa hiyo namba isiyoandikwa saa yake ni nusu ya habari.

Haya, sasa tufike kwenye gunia lenyewe, maana hapa ndipo hata wataalamu wamewahi kupotoka.

Ndani ya jani kuna mitambo miwili ya nuru. Wameipa majina mtambo wa kwanza na mtambo wa pili, na cha kuchekesha ni kwamba ule wa pili ndio unaoanza kazi. Lakini tuwaachie wenyewe majina yao. Milango tuliyoizungumza ni ya mtambo wa pili. Huo ndio ambao mng'ao wake unapanda na kushuka, na ndio tunaotaka kuupima. Mtambo wa kwanza nao hutoa mng'ao kidogo, lakini wa kwake haubadiliki kwa kufunga au kufungua milango. Upo tu, kama gunia. Mashine haiwezi kuutofautisha, inasoma vyote pamoja.

Mwaka 1998 mtafiti Pfündel alionyesha jambo kubwa. Katika mimea ya kundi la kawaida, mtambo wa kwanza huchangia kama sehemu 30 katika 100 za ule mng'ao wa gizani, ukipimwa katika wekundu wa mbali, ambao mashine nyingi huusoma. Muhogo, pamba, mpunga, maharage na viazi vitamu ni wa kundi hili. Lakini katika mimea ya kundi la mahindi, ambayo ina njia yake nyingine ya kukusanya hewa ya kaboni, mchango huo hufika kama 50 katika 100. Mtama, uwele na miwa wamo katika kundi la mahindi. Mchicha wako wa Igogo pia umo humo, ingawa sukuma wiki iliyo kwenye tuta la jirani haimo.

Tazama sasa. Una shamba ulilochanganya mihogo na mahindi. Namba nitakazotumia ni za mfano wa hesabu. Muhogo umesoma 200 gizani na 1,200 kwenye mmweko, yaani 0.83. Mahindi yamesoma 250 gizani na 1,150 kwenye mmweko. Toa, inabaki 900. Gawa kwa 1,150, unapata 0.78. Mtu wa haraka atasema mahindi yako yana taabu, labda mbolea hakuna, labda jua limeyapiga. Anaweza kukutuma dukani ukanunue mfuko wa mbolea usiouhitaji.

Toa gunia kwanza. Kwa muhogo, 30 katika 100 ya 200 ni 60. Ondoa 60 kila upande: gizani 140, mmweko 1,140. Tofauti bado ni 1,000. Gawa kwa 1,140, unapata 0.88. Kwa mahindi, nusu ya 250 ni 125. Ondoa: gizani 125, mmweko 1,025. Tofauti bado ni 900. Gawa kwa 1,025, unapata 0.88. Mahindi na muhogo wako sawasawa! Hakuna mgonjwa hapo. Tofauti yote ilikuwa ya gunia.

Usije ukachukua 30 na 50 hizo ukazifanya sheria ya kila jani, la hasha. Uzito wa gunia hutegemea mashine inasoma wekundu wa namna gani, na jani lenyewe. La maana kwako ni hili: mtu asilinganishe mahindi na mihogo, wala mchicha na sukuma wiki, kwa namba mbichi. Mahindi kwa mahindi, hiyo sawa.

Jambo lingine ni kwamba jani hula mng'ao wake lenyewe. Wekundu unaotoka ndani ya jani lazima upite katikati ya kijani kingine kabla ya kufika nje, na klorofili inapenda sana wekundu ule wa karibu, inaumeza tena. Wekundu wa mbali, uliokolea hadi jicho linaushindwa, unapita bila kumezwa sana. Basi jani nene la kijani kizito huficha sehemu ya mng'ao wake, na jani lililopauka huutoa nje zaidi. Mtu akilinganisha ukali wa mng'ao tu, bila kugawa kama tulivyofanya hapo juu, atasema jani lililopauka lina mng'ao mwingi, kumbe ni kwamba halina kijani cha kuumeza. Kukimbia tatizo hili watengenezaji wengi wanasoma wekundu wa mbali, ambako, kama ulivyokwisha kusikia, mtambo wa kwanza unajipenyeza zaidi. Ukiziba tundu huku, panya anatokea kule.

Sasa nisikilize vizuri juu ya batobato, maana hapa ndipo mbegu mbaya inapoweza kupita mlangoni.

Mashine nyingi hazikomei kwenye ile namba ya gizani. Zinapima jani likiwa kazini, juani, kisha zinapiga hesabu ya kiasi cha kazi kinachopita katika jani zima. Hesabu huenda hivi: chukua nuru inayolipiga jani, zidisha kwa 0.84, gawa kwa mbili, kisha zidisha kwa ile sehemu inayokwenda kazini. Kwa nini 0.84? Kwa sababu jani lenye afya kwa kawaida hunasa kama sehemu 84 katika 100 za nuru inayolipiga. Na kugawa kwa mbili ni kwa kuwa mitambo ni miwili, wakidhani inagawana sawa. Mashine imewekewa namba hizo kiwandani. Haijui kama jani lililobanwa ni la kijani au limejaa mabaka ya njano.

Tuseme nuru ni 1,000, na sehemu inayokwenda kazini ni nusu, yaani 0.5. Kwa 0.84 inakuwa 840, nusu yake 420, na nusu ya hiyo tena 210. Mashine inaandika 210. Lakini jani lile lina batobato, limepauka, na tuseme kweli linanasa 65 tu katika 100. Basi ni 650, nusu yake 325, na nusu ya hiyo haifiki hata 163. Mashine imelipa jani gonjwa zawadi ya karibu 48 ambazo halikuzifanyia kazi. Ukiweka mbegu inayoshikwa na batobato na mbegu inayohimili ubavu kwa ubavu, kosa hili linasogeza ile mbaya karibu na ile nzuri. Mkulima analetewa mbegu, anapanda, anapalilia mara mbili tatu, na baada ya mwaka anavuna mihogo kama vidole, udaga haujazi hata debe. Anayepima lazima apime pia jani linanasa nuru kiasi gani, kwa kifaa cha kazi hiyo, halafu aondoe ile 0.84 na kuweka namba ya jani lenyewe.

Lipo na kosa la mmweko, nalo nitalipita upesi. Jua likiwa kali sana mmweko wa mashine unaweza kushindwa kuijaza milango yote. Kilele kinasomeka kifupi. Tuseme kabla ya mmweko ni 350, na kilele kinasomeka 500: tofauti 150, gawa kwa 500, ni 0.30. Kama kilele cha kweli ni 540, tofauti ni 190 na jibu ni 0.35. Jani la juani limepunjwa, na jani la kivulini halikuguswa na kosa. Mwaka 2013 ilichapishwa njia ya kutengeneza mmweko wa hatua kadhaa, ukali ukishushwa kidogo katikati, ili mashine ikadirie kilele kingefika wapi kama mmweko ungekuwa mkali bila mwisho. Mashine nzuri za sasa zinafanya hivyo zenyewe, lakini si zote. Kuuliza si ujinga, muulize.

Na wewe mwenyewe, Ndugu mkulima, una sehemu yako. Usimletee mtafiti majani uliyoyachuma na kuyaweka katika mfuko wa plastiki. Jani lililokatwa linaanza kukosa maji njiani, na namba yake ni ya jani linalokufa. Mashine ikiwa kwenye jani usisimame upande wa jua ukalitia kivuli, maana jani hubadili mwendo wake katika sekunde. Usiligeuze jani lielekee juu ili “lionekane vizuri”. Kama lina vumbi la barabarani au umande, mwambie. Mwambie pia ulipanda lini, ulitia samadi wapi, na sehemu gani ya shamba hutuamisha maji. Na mwombe asichague jani changa kwenye shina hili na jani kukuu kwenye lile. Kwenye muhogo waliozoea huchukua majani yaliyokwisha kukunjuka kamili karibu na kilele, ya umri mmoja, kwenye mashina mengi. Akipima shina moja tu karibu na njia kisha akapanda pikipiki yake, huyo amepima shina moja. Hajapima shamba.

Wengine mnauliza juu ya simu. Ipo programu ya Nuru, inayozungumza Kiswahili, iliyotengenezwa na watafiti wa kilimo kwa ajili ya mihogo. Unaielekeza simu kwenye jani, inakuambia kama inaona batobato, michirizi ya kahawia au uharibifu wa utitiri wa kijani. Hiyo inatazama sura ya jani. Mashine tuliyoizungumza leo inatazama kazi ya jani. Ni vitu viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Ila vyote viwili havioni chini ya udongo. Mashine ikisoma namba ndogo inakuambia jani lina taabu. Haikuambii kama ni kiu, njaa ya mbolea au ugonjwa. Na ikisoma namba nzuri, bado kuna michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mara nyingine huacha majani yakionekana mazima huku mihogo inaoza ardhini. Kwa hiyo kabla hujakata pingili za kupanda msimu ujao, chimba mashina machache hapa na pale shambani. Kata kila muhogo vipande, kuanzia kichwani mpaka mkiani, utazame nyama yake. Ukikuta madoa makavu ya kahawia, hata kama jani la shina hilo lilisoma 0.83, usichukue pingili kutoka shina hilo, wala usimpe jirani.